Ugoko wa bingwa: maumivu aliyoteleza nayo Tessa Virtue

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa mama mmoja wa Mbulu, mkoani Manyara. Binti yake ana miaka 16, anakimbia mita 1,500 na mita 3,000 kwa ajili ya shule yake, na tangu mwaka jana miguu inamuuma. Si magoti, si nyayo. Ni pale mbele, kwenye ugoko, na pembeni kidogo kuelekea shavu la mguu. Anaanza mbio vizuri, lakini akifika mzunguko wa tatu miguu inajaa, inakuwa mizito kama imefungwa kamba, kisha vidole vinakufa ganzi. Akikaa chini robo saa anainuka mzima. Mwalimu wa michezo anasema anadeka. Zahanati walimpa dawa za maumivu. Mama anauliza: "Daktari, mtoto anaumwa kweli au hataki kukimbia?"

Nitamjibu, lakini naomba yeye na wasomaji wengine mnivumilie nipite mbali kidogo, kwenye barafu. Najua kwa wengi wetu barafu ni ya kwenye friji, au ile ya kuhifadhia samaki pale Feri. Hata hivyo, mtu anayenisaidia zaidi kueleza tatizo la binti huyu si mkimbiaji. Ni mwanamke wa Kanada aliyestaafu mwaka 2019 akiwa na medali tatu za dhahabu na mbili za fedha za Olimpiki, na ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya mashindano aliipita akiwa na ugoko unaomuuma. Jina lake ni Tessa Virtue. Sijamtibu wala sijaonana naye. Ninayoyasema ni yale ambayo yeye na mwenzake wameyaeleza hadharani, pamoja na yale ambayo daktari yeyote anayajua kuhusu miguu.

Kwanza mchezo wenyewe. Densi ya kwenye barafu huchezwa na wawili, mwanamke na mwanaume, wamevaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake. Katika mchezo wa jozi, ambao ni ndugu yake, mwanaume humrusha mwenzake hewani na humnyanyua kwa mikono iliyo juu ya kichwa. Kwenye densi hayo hayaruhusiwi. Waamuzi wanatazama hatua, muziki, jinsi wawili wanavyokaa karibu wakiwa katika kasi, na jinsi bapa linavyolala upande mmoja likachora duara safi. Mtazamaji anaona ulaini. Mimi nikitazama naona magoti yaliyopinda muda wote, vifundo vya miguu vilivyobanwa ndani ya kiatu kigumu, na misuli ya mbele ya mguu inayofanya kazi bila kupumzika. Densi ndefu ya mashindano huchukua takriban dakika nne. Mazoezi ya kuiandaa huchukua saa nyingi kila siku, kwa miaka.

Tessa alizaliwa Mei 1989 katika mji wa London, ule wa jimbo la Ontario, si ule wa Uingereza. Mwaka 1997, akiwa na miaka saba, kocha mmoja alimuunganisha na mpwa wake wa miaka tisa, Scott Moir. Tangu siku hiyo hawakubadilisha wenza hadi walipostaafu, miaka 22. Mwaka 2004 walihamia jimbo la Michigan, Marekani, kufundishwa na Marina Zoueva na Igor Shpilband. Mwaka 2006 wakawa mabingwa wa dunia wa vijana. Machi 2008 walipata medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya wakubwa kule Gothenburg, Sweden. Yeye alikuwa na miaka 18. Miezi saba baadaye, Oktoba 2008, alikuwa kwenye meza ya upasuaji, miguu yote miwili.

Hapo ndipo pa kusimama.

Mguu wako, msomaji, kuanzia goti hadi kifundo, si mfuko mmoja wa nyama. Misuli imegawanywa katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungushiwa utando mgumu mweupe. Ukiwahi kuchuna nyama ya ng'ombe umeuona: ule unaokataa kisu butu. Ndani ya chumba kimoja mna misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Unapokimbia, damu inaingia kwa wingi na misuli inavimba. Hilo ni jambo la kawaida, na kwa watu wengi utando unaacha nafasi ya kutosha. Kwa wachache hauachi. Misuli inavimba, utando unakaza, shinikizo ndani ya chumba linapanda, na damu mpya inashindwa kupita vizuri. Misuli inaanza kulia njaa. Mshipa wa fahamu nao unabanwa, na ndiyo sababu ya ganzi. Ukipumzika, uvimbe unashuka, damu inapita, na baada ya dakika chache au nusu saa hivi unakuwa kama hukuugua. Kitaalamu tunaiita sindromu sugu ya kompatimenti. Huwapata zaidi wakimbiaji, askari wanaotembea mwendo mrefu, na wachezaji ambao miguu yao inarudia kazi ileile. Mara nyingi huja kwenye miguu yote miwili.

Mnaona ugumu wake? Mgonjwa anafika kwa daktari akiwa amepumzika. Amekaa kwenye benchi saa tatu akisubiri zamu yake. Unamgusa, hana uvimbe. Picha ya eksirei haionyeshi kitu. Damu haina kitu. Ugonjwa umebaki uwanjani.

Naandika hivi kwa sababu nimewahi kumkosea mtu. Nilipokuwa daktari mchanga, kwenye mafunzo ya vitendo, aliletwa kijana wa sekondari, winga wa timu ya shule, akieleza maneno yaleyale ya binti wa Mbulu. Niliagiza eksirei, ikarudi safi. Nilimwambia hana tatizo, nikamwandikia diklofenaki za siku saba. Alirudi mara mbili, mara zote mbili nilimpa jibu hilohilo, tena mara ya pili kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mwaka uliofuata nilimkuta akiuza vocha karibu na stendi. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo dokta," na nilipomuuliza habari za mpira akasema aliacha, maana hospitali walisema haumwi lakini miguu ilikuwa haikubali. Hakunilaumu. Sikuwahi kumuuliza swali moja rahisi: maumivu yanaanza dakika ya ngapi?

Turudi kwa Tessa. Tiba ya upasuaji wa tatizo hili ni kuupasua ule utando kwa urefu ili chumba kipate nafasi. Ni upasuaji mfupi, lakini kupona kwake si kufupi. Kidonda kinapona, kovu linajengeka, na misuli inajifunza upya kazi yake. Waliyakosa mashindano yote ya Grand Prix ya msimu ule. Scott alibaki Michigan akiendelea na mazoezi peke yake, akishika mifuko ya mchanga na fimbo za hoki ili mikono yake isisahau mahali ambapo mwenzake angekuwa. Tessa alikuwa kwao Ontario akiuguza miguu. Wenyewe wamesimulia kwamba katika miezi ile miwili hawakuzungumza sana, na kwamba ukimya ule uliacha ufa kati yao ambao ulichukua muda mrefu kuzibika.

Mimi ufa huu unanigusa kuliko medali. Mchezaji akiumia tunamtunza mguu, tunamsahau mwenyewe. Timu inaendelea na ratiba, yeye yuko nyumbani anahesabu siku na kujiona mzigo. Kama wewe ni kocha na una kijana aliyelala na hogo mguuni, mpigie simu. Usimuulize atarudi lini. Muulize ameshindaje.

Januari 2009, miezi mitatu tu baada ya kisu, walirudi kwenye mashindano ya taifa ya Kanada na wakashinda. Machi wakapata shaba ya dunia kule Los Angeles. Februari 2010, Olimpiki ya majira ya baridi ikiwa imekuja Vancouver, nchini kwao, wakacheza kwa muziki wa Mahler na kutwaa dhahabu. Tessa alikuwa na miaka 20, Scott 22. Walikuwa wa kwanza kutoka Amerika ya Kaskazini kushinda dhahabu ya Olimpiki katika densi ya barafuni, na vijana zaidi kuliko wote waliowahi kuishinda. Mwezi uliofuata wakawa mabingwa wa dunia mjini Turin.

Gazeti la michezo lingeishia hapo. Lakini Oktoba 2010, miezi minane baada ya dhahabu ile, Tessa alirudi tena kwenye upasuaji, ugoko na mashavu ya miguu, kwa sababu maumivu yaleyale hayakuwa yamekwisha. Dunia nzima ilipomwona akitabasamu juu ya jukwaa, tatizo lilikuwa bado lipo ndani ya viatu.

Upasuaji huu husaidia wengi, hasa tatizo likiwa kwenye chumba cha mbele. Vyumba vya nyuma, vilivyo ndani zaidi, ni vigumu kuvifikia vyote na matokeo yake si mazuri kiasi hicho. Wapo wanaorudiwa na tatizo kwa sababu kovu limejenga ukuta mpya mahali pa ule uliopasuliwa, na wapo ambao chumba kimoja kilifunguliwa na kingine kikaachwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilipasuliwa na bado nauma," usimwambie ni mawazo yake.

Na kurudi kwake mara ya pili hakukuwa mstari mnyoofu. Februari 2011, kwenye mashindano ya Mabara Manne mjini Taipei, walikuwa wanaongoza baada ya densi fupi. Katikati ya densi ndefu misuli ya paja ilimkaza na wakajitoa. Fikiria uamuzi huo, mbele ya watu, ukiwa bingwa wa Olimpiki na ukiwa juu ya msimamo. Mashindano ya dunia yalikuwa yafanyike Tokyo mwezi Machi, lakini tetemeko kubwa la ardhi likaipiga Japani, yakahamishiwa Moscow mwishoni mwa Aprili. Walipata fedha. Mwaka 2012, kule Nice, wakarudisha ubingwa. Februari 2013, Osaka, miguu yake ilipata mkakamao katikati ya densi, wakasimama, wakaongea na mwamuzi, kisha wakamalizia na kushika nafasi ya pili.

Sisi hapa Tanzania tumelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu hukohuko anakotoka mama huyu. Mwaka 1968 mjini Mexico alianguka kwenye marathoni, goti likaumia, akafungwa bendeji na akaingia uwanjani akichechemea wakati washindi walikuwa wamekwisha kupewa medali zao. Namheshimu kama kila Mtanzania anavyomheshimu. Ila nadhani tumeichukua hadithi ile na kuifanya fimbo ya kuchapia watoto. Akhwari alikuwa mtu mzima, aliumia siku moja, jeraha lake lilionekana na kila mtu, na aliamua mwenyewe. Binti wa miaka 16 anayeumia kila Jumanne na Alhamisi kwa mwaka mzima, bila jeraha linaloonekana, hana uhusiano na hadithi ile. Kumwambia "Akhwari alivumilia" ni kumfungia mdomo.

Tena kuvumilia kwa msaada wa vidonge kuna gharama yake. Ibuprofeni na diklofenaki hazifungui utando uliokaza. Zinachofanya zikinywewa kila siku ya mazoezi, juani, mwili ukiwa umekauka maji, ni kuumiza tumbo na figo. Nimeona vijana wa mpira wa mitaani wakinunua duka la dawa vidonge viwili kabla ya mechi kama wanavyonunua maji. Jambo hilo linastahili makala yake.

Si kila ugoko unaouma ni tatizo hili, na sitaki mtu asome gazeti akimbilie kudai kisu. Lililo la kawaida zaidi ni uchovu wa mfupa na misuli iliyoshikana nao: huuma upande wa ndani wa ugoko, sehemu ndefu, hupungua kidogo mwili ukipata moto na kurudi baadaye. Linalotisha zaidi ni ufa mdogo wa mfupa. Huo una alama yake: ukiweka kidole mahali pamoja, padogo, anaruka kwa maumivu, na huuma hata akilala. Kwa msichana anayekimbia sana, anakula kidogo na hedhi yake imekatika, ufa wa mfupa uwe wa kwanza kwenye fikra za daktari, na hedhi iulizwe bila aibu, ikiwezekana kocha wa kiume akiwa nje. Na mzee wa miaka 60, mvutaji sigara au mwenye kisukari, akisema shavu la mguu linambana akitembea hadi sokoni na linamwachia akisimama, huyo tunawaza mishipa ya damu iliyoziba. Hadithi zinafanana, matibabu ni tofauti kabisa.

Sindromu hii ina ndugu yake wa ghafla, na yeye hana subira. Mtu amevunjika mguu kwa bodaboda, amefungwa hogo, au amepelekwa kwa waunga mifupa wa kienyeji akafungwa vijiti kwa kamba ya kukaza. Usiku maumivu yanazidi badala ya kupungua, dawa haisaidii, vidole vinakufa ganzi, na mtu mwingine akimnyoosha vidole analia. Huyo hasubiri asubuhi. Shinikizo ndani ya chumba linaua misuli kwa saa chache, na mguu unaweza kupotea. Mrudisheni hospitali usiku huohuo, na kamba zile zilegezwe mara moja.

Kwa ile sugu, kipimo chenye uhakika ni kuingiza sindano maalumu ndani ya misuli na kupima shinikizo kabla na baada ya mazoezi. Likisoma milimita 30 za zebaki au zaidi dakika moja baada ya kusimama, tunashuku kwa nguvu. Si kila hospitali ina kifaa hicho. Lakini kila hospitali ina ngazi au korido, na daktari anaweza kumtoa mgonjwa nje, akamkimbiza hadi maumivu yaje, kisha akamgusa mguu papo hapo. Mguu ulio mgumu kama ubao, na nguvu ya kunyanyua nyayo ikiwa imepungua, unasema mengi. Kabla ya kisu huwa tunajaribu kupunguza mzigo kwa wiki kadhaa, kubadilisha viatu, na kumpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe kukanyaga upya, asitue kwa kisigino mbele ya mwili. Wapo wanaopona kwa hayo tu. Kuchuliwa kwa nguvu na kukandwa na maji ya moto, ambako akina mama tunakupenda, hakutibu tatizo hili.

Tessa na Scott walipata fedha mbili kule Sochi mwaka 2014, ya densi na ya timu. Dhahabu ya densi ilienda kwa Meryl Davis na Charlie White, Wamarekani waliokuwa wamefanya nao mazoezi kwenye uwanja mmoja kwa miaka. Kisha wakapumzika misimu miwili. Wengi walidhani wamekwisha. Walirudi mwaka 2016, safari hii Montreal, kwa makocha wapya, Marie-France Dubreuil na Patrice Lauzon, ambao wenyewe walikuwa wachezaji. Msimu wao wa kwanza hawakupoteza shindano hata moja, na 2017 wakawa mabingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Februari 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, walichukua dhahabu ya timu, na siku chache baadaye ile ya densi, wakiwapita Wafaransa Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron kwa pointi 0.79. Alikuwa na miaka 28. Hakuna mchezaji wa kuteleza kwa sanaa aliyewahi kufikisha medali tano za Olimpiki kabla yao.

Siwezi kusema misimu ile miwili ya mapumziko ndiyo iliyomrudisha. Sina faili lake. Ninachosema ni kwamba mchezaji aliyesimama miaka miwili alirudi akiwa bora, na nimewahi kumsikia kocha wa hapa nyumbani akikataa kumpa kijana wake wiki sita, akihofia "atasahau mbio."

Sasa, mama. Binti yako hadeki. Maelezo uliyonipa yana alama tatu ambazo mtoto mvivu hawezi kuzitunga: maumivu yanaanza mahali palepale kwenye mbio, yanaleta ganzi, na yanaisha kwa muda uleule. Mpe daftari. Kwa wiki mbili, akimbie polepole mara tatu kwa wiki, na aandike maumivu yameanza dakika ya ngapi, yapo upande gani wa mguu, vidole gani vimekufa ganzi, na yameisha baada ya dakika ngapi. Yakianza, asimame. Asinywe kidonge kabla. Kama anaumwa hata usiku akilala, au kuna sehemu moja ya mfupa asiyotaka iguswe, usisubiri wiki mbili, aache kukimbia na umpeleke apigwe picha. La sivyo, beba daftari hilo umwone daktari wa mifupa hospitali ya rufaa, na ukiweza mwalimu wake wa michezo aende nanyi, asikie mwenyewe. Kisha nitumie namba hizo kwa njia ileile uliyonitumia swali.